Kiota cha geko anayetaga: ujaze nini, kwa kina gani, na unyevu kiasi gani

Maswali kuhusu kiota cha geko, mjusi huyu anayefugwa, huwa ni yale yale. Karatasi ya jikoni inafaa? Mchanga mtupu je? Mbona ametagia kwenye bakuli la maji wakati kiota anacho? Na lile linaloulizwa kuliko yote: jike wangu hajawahi kukaa na dume, anahitaji kiota cha nini?

Anakihitaji. Jike aliyekomaa huweza kutaga hata kama hajapandwa. Mayai hayo kwa kawaida hayaanguliwi, lakini ni lazima yatoke, na jike asiyeona mahali panapomridhisha huyazuia tumboni mpaka yanakwama. Kukwama huko huua.

Kuhusu cha kujazia, usihangaike sana na jina lililoandikwa kwenye mfuko. Jike anatafuta mambo mawili: shimo analochimba lisimporomokee, na unyevu usikauke kabla hajamaliza. Kitu chochote safi kinachotimiza hayo mawili kitamfaa, na kisichotimiza atakikataa hata kikiwa ghali.

Kwanza jua wako yuko kundi gani

Wako geko wanaochimba na kufukia. Geko chui (Eublepharis macularius), geko wa mkia mnene (Hemitheconyx caudicinctus), geko wa kishungi (Correlophus ciliatus) na geko gagoili (Rhacodactylus auriculatus) wote wamo humu. Mayai yao yana ganda laini linalonywa maji kutoka kwenye udongo, kwa hiyo udongo ukikauka nayo hunywea.

Wako pia wanaobandika mayai yenye ganda gumu ukutani, chini ya gome au ndani ya mwanzi: tokei (Gekko gecko), Lepidodactylus lugubris, na baadhi ya geko wa mchana wa jenasi Phelsuma. Hawa hawahitaji sanduku la udongo. Nimewawekea sehemu yao huko chini. Hatua zinazofuata ni za wachimbaji.

Vitu vya kuandaa

- Kontena ya plastiki isiyopenyeza mwanga, yenye mfuniko unaobana. Kwa geko chui na mkia mnene, sentimita 30 kwa 20, kimo 15. Kwa kishungi na gagoili, 25 kwa 18, kimo 15.
- Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, isiyotiwa mbolea. Tofali moja kavu la gramu 650 linatosha na kubaki.
- Udongo wa juu uliochekechwa, usio na mbolea wala dawa.
- Mchanga laini uliooshwa.
- Sfagnamu iliyokaushwa, ule mmea laini wa kinamasi unaouzwa ukiwa nyuzinyuzi.
- Ndoo, chujio, na kikombe chenye alama za kipimo.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Kipimajoto chenye kihisio cha waya.
- Chupa ya kupulizia maji, msasa, kijiko, penseli laini na glovu.

Ukikosa mizani, itafute kabla ya kukosa kitu kingine chochote hapo. Ndiyo itakayokuambia ametaga hata kama huoni yai.

Kipi kinafaa na kipi hakifai

*Kokopiti* ndiyo msingi wa viota vingi, na inastahili. Inashika maji muda mrefu, haiozi upesi, na kucha zinaipenya bila taabu. Ina kasoro mbili. Baadhi yake huja na chumvi, kwa hiyo huoshwa kwanza. Halafu ikikauka inakuwa vumbi jepesi lisiloshikana: jike anachimba, shimo linajaa, anachimba tena, mpaka anachoka na kwenda kutagia kona nyingine.

*Udongo na mchanga* ndivyo vinavyoleta mshiko. Udongo kidogo ndani ya kokopiti unafanya ukuta wa shimo usimame, nao mchanga unaongeza uzito ili tabaka lisifumuke. Mchanga mtupu haufai. Ukiwa mkavu unaporomoka, ukiwa umelowa maji yote yanashuka chini na juu kunabaki pakavu.

*Sfagnamu* peke yake hutumiwa na wengi kwa geko chui, na kweli wengi hutaga humo. Mimi siipendi ikiwa peke yake. Nyuzi ndefu zinajisokota kwenye vidole, yai linabaki linaning'inia hewani badala ya kukaa kwenye kitu kinacholishika, na unyevu wake hubadilika haraka. Ikikatwakatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2 na kuchanganywa, ni kiungo kizuri mno. Vaa glovu unapoishika, kwa sababu huweza kubeba kuvu wanaoingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi.

*Vemikulaiti*, yaani punje za madini mepesi yaliyofumuliwa kwa joto, inashika maji vizuri na ni safi, na ni chaguo la kawaida la kutotoleshea mayai. Kwenye kiota inafaa kwa shida, maana ni nyepesi na baadhi ya majike huimeza wanapochimba kwa mdomo na miguu. Ukiitumia, iloweshe kabla ya kuimimina ili usivute vumbi lake. *Palaiti*, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno, iache kwa ajili ya kutotoleshea mayai tu. Punje zake hazishikani kabisa.

*Karatasi ya jikoni* haichimbiki. Jike ataikwaruza usiku kucha na asubuhi utaikuta imechanika na hajataga. Tumbo likiwa limejaa kweli, ataangusha mayai juu yake na yatakauka mpaka jioni.

Vya kutupa kabisa: mchanga wa kalsiamu, ambao hugandamana tumboni ukimezwa, maranda ya mwerezi na msonobari, kwa ajili ya mafuta yake yanayowasha mapafu, udongo wa vyungu vya maua wenye chembe za mbolea, na vipande vya magome, ambavyo vinaacha mapengo makubwa kiasi kwamba hakuna shimo litakalosimama. Sfagnamu iliyotiwa rangi ya kijani nayo iache dukani.

Hatua

1. Loweka na uoshe kokopiti. Weka tofali ndani ya ndoo, mimina lita 3 hadi 4 za maji yanayochemka. Maji ya moto yanaifumua upesi na kuua utitiri. Utapata lita 7 hadi 9 za unga. Ikishapoa, isuuze kwenye chujio kwa maji safi mara mbili, kisha ikamue.

2. Changanya kwa kipimo cha ujazo. Geko chui: kokopiti lita 4, udongo lita 2, mchanga lita 1. Mkia mnene, anayependa unyevu zaidi: kokopiti lita 5, sfagnamu iliyokatwa lita 1, mchanga lita 1. Kishungi na gagoili: kokopiti lita 4, sfagnamu iliyokatwa lita 1, udongo nusu lita. Changanya kwa mikono mpaka usione mistari ya mchanga. Usishangae kama ujazo unaonekana mwingi, kwani lita 7 zilizofumka zikishindiliwa hushuka hadi 6 hivi, nazo ndizo zinazojaza kontena ya 30 kwa 20 kwa kina cha sentimita 10.

3. Pima unyevu kwa kukamua. Chota konzi moja na uibane kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu kisha yakakoma, umefika. Yakichuruzika kati ya vidole, tandaza mchanganyiko kwenye sinia kwa saa chache. Yasipotoka kabisa, angalia donge lenyewe: liguse kwa kidole. Likivunjika vipande vikubwa viwili au vitatu, unyevu unakaribia kutosha, nyunyiza kidogo tu. Likimeguka kuwa unga, ongeza kikombe cha maji, changanya, upime upya.

4. Toboa mlango. Uwe kwenye mfuniko au ubavuni juu ya usawa wa udongo, upana sentimita 6 hadi 7 kwa jike mkubwa wa geko chui, 5 hadi 6 kwa kishungi. Jike mwenye mayai ni mpana kuliko unavyomzoea, kwa hiyo usipimie umbo lake la miezi ya kawaida. Sugua kingo kwa msasa, upitishe kidole kuhakikisha hakuna ncha, maana ngozi ya tumbo lililovutika hukwaruzika kirahisi. Ongeza matundu 4 ya milimita 3 ya kupumulia sehemu ya juu, usizidishe. Kila tundu la ziada linatoa unyevu.

5. Jaza kwa matabaka. Mimina sentimita 4, shindilia kwa kiganja, mimina tena, shindilia, mpaka ufike sentimita 10. Kwa geko chui unaweza kushuka hadi 8, lakini kishungi apate 10 kamili, kwa sababu huzika mayai chini kabisa na mara nyingi utayakuta yamegusa sakafu ya kontena. Acha upande wa mbali na mlango uwe juu kidogo kuliko ulipo mlango. Baada ya hapo fanya jaribio ambalo wengi huliruka: zamisha kidole gumba chako chote kwenye udongo ulioshindiliwa, ukitoe polepole. Shimo likibaki wazi, jike naye shimo lake litabaki wazi. Likijaa, rudi hatua ya pili uongeze udongo.

6. Chagua mahali pa kukiweka. Geko chui na mkia mnene, katikati ya upande wa joto na wa baridi, ili ndani ya udongo kipimajoto kisome nyuzi 27 hadi 30. Kishungi na gagoili, kona ya chini yenye kivuli, nyuzi 22 hadi 25. Kihisio kizame sentimita 5 ndani ya udongo, kisiishie juu.

   Tahadhari: usikalishe kontena nzima juu ya mkeka wa joto. Joto likitoka chini, udongo wa chini ndio unaotangulia kukauka, na huko ndiko mayai yanakolala. Juu utaona panang'aa kwa unyevu na utadhani mambo ni mazuri. Kama huna namna, robo tu ya sakafu ya kontena iguse mkeka, na mkeka uwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto.

7. Kiweke mapema. Wiki 2 kabla ya siku unazotarajia, sio siku anapoanza kuchimba. Majike hufanya ukaguzi. Wataingia, watalala humo, watachimba vishimo vya majaribio na kuviacha. Geko chui akikaribia, utaona mayai mawili kama vivimbe vyeupe au vya waridi kupitia ngozi ya tumbo ukimwinua juu ya kioo. Kishungi humwoni hivyo kirahisi, kwa hiyo tegemea mizani na mwendo wake wa kushuka chini usiku.

8. Mpime, mwache. Uzito uchukuliwe mara mbili kwa wiki, saa ileile. Jike wa gramu 60 anayepoteza gramu 5 hadi 8 kwa usiku mmoja, na ubavu wake umebonyea, ametaga. Usiku anaochimba usifunue mfuniko. Kusumbuliwa katikati ya kazi ni sababu mojawapo ya majike kuahirisha.

9. Yatoe mayai. Fukua kwa vidole au kijiko, kuanzia pembeni kuelekea katikati, taratibu. Yai likijitokeza, weka nukta ya penseli juu yake kabla ya kuliinua, na libaki hivyo hivyo nukta ikiangalia juu mpaka litotoe. Katika saa 24 za kwanza kuligeuza kwa bahati mbaya kwa kawaida halidhuru. Baada ya hapo kiinitete kimeshajishikiza ndani ya ganda na ukiligeuza kinaweza kufa. Kwa kuwa huwezi kuwa na uhakika lilitagwa saa ngapi, fanya kana kwamba saa hizo zimepita. Yaliyogandamana usiyatenganishe.

   Yahamishie kwenye kisanduku chenye vemikulaiti na maji kwa uzito sawa, gramu 100 kwa gramu 100, ukiyazika nusu.

10. Tengeneza kiota upya siku hiyohiyo. Geko chui anaweza kurudi baada ya wiki 2 hadi 4, kishungi baada ya siku 30 hadi 45. Ondoa kinyesi, shindilia, rudia jaribio la konzi. Kila baada ya mizao miwili, mwaga vyote na uanze na mchanganyiko mpya, kwa kuwa harufu ya yai lililooza likapasuka humo haiondoki. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Wanyama hawa huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili.

Kumwagilia kati ya mizao: pulizia kwenye kingo za kontena, maji yateremke ukutani hadi chini. Kupulizia katikati kunalowesha sentimita moja ya juu na kukudanganya.

Kwa wanaobandika

Tokei, mpe mabomba ya mwanzi yaliyosimamishwa, kipenyo cha ndani sentimita 6 au zaidi, au kipande kikubwa cha gome la koki kilichoegemezwa ukutani na kuacha upenyo nyuma yake. Lepidodactylus lugubris na Phelsuma wadogo wanatosheka na mwanzi wa sentimita 2 hadi 3, uliozibwa chini, na mimea yenye majani mapana. Faida ya mwanzi na gome ni kwamba unachomoa kitu kizima na mayai yake. Yaliyobandikwa kwenye kioo usiyabandue, yatavunjika. Yafunike hapo hapo kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, kikishikizwa kwa utepe, wakubwa wasiyale wala watoto wasipotee. Mayai haya hayataki kulowa. Unyevu wa hewa ya kizimba unayatosha, na yakikaa kwenye udongo chepechepe huharibika.

Mambo yakienda kombo

*Ametagia kwenye bakuli la maji au kwenye maficho yenye unyevu.* Hapo ndipo palipokuwa na unyevu kuliko kiota. Rudia jaribio la konzi kwa udongo wa chini kabisa wa kontena, usipime wa juu. Yai lililozama saa nyingi aghalabu limekufa, lakini lililoonekana mapema likaushe kwa karatasi na ujaribu kulitotolesha.

*Anachimba kila kona lakini hatagi.* Siku moja mbili ni kawaida. Kagua kwa mpangilio huu: kina, joto ndani ya udongo, mwanga unaoingia, halafu wenzake. Jike mwenzake au dume anayelala kwenye kiota anatosha kumkimbiza, na dume ni wa kutolewa kabisa. Kama kontena inapenyeza mwanga, ifunike kwa karatasi nyeusi kwa nje. Mara nyingi hilo peke yake linamaliza kazi.

*Shimo linaporomoka.* Mchanganyiko mkavu, haukushindiliwa, au mchanga umezidi. Ongeza kikombe cha udongo kwa kila lita 2.

*Mayai yamebonyea.* Yakibonyea siku za mwanzo, mara nyingi yamekauka: ongeza maji kando ya yai, kamwe si juu yake, na mara nyingi hujaa tena ndani ya siku moja au mbili. Yakibonyea mwishoni kabisa mwa kutotoa, ni kawaida.

*Mayai ni ya njano, laini mno, yananata.* Hayakurutubishwa, au jike ana upungufu wa kalsiamu. Mayai yenye ganda jembamba yakirudiarudia, tatizo halimo kwenye kiota. Nyunyizia wadudu unga wa kalsiamu, wenye vitamini D3 kama hana taa ya UVB. Kwa kishungi, tazama paa la kinywa anapokifungua: vifuko viwili vyeupe vya kalsiamu vikiwa vimesinyaa, mpumzishe asizae msimu huo.

*Ukungu juu ya udongo.* Kwangua sehemu hiyo, punguza maji, angalia kama kuna mdudu wa chakula aliyefia humo. Ukungu juu ya yai lenyewe huwa ni wa yai lisilo na uhai. Litenge na wenzake kama linatengeka.

*Wadudu wadogo weupe wanaoruka ukigusa udongo.* Hao ni mikiarukaji, wanakula ukungu na hawana madhara. Wanaotembea polepole na kuwapanda geko mwilini ni utitiri, na hapo tupa vyote, osha kontena kwa maji ya moto.

*Ameacha kuchimba, tumbo bado limejaa, amelegea.* Hili si la kusubiri. Miguu ya nyuma ikikosa nguvu, akijikamua bila kitu kutoka, macho yakibaki yamefumba mchana na usiku, au ikipita siku 3 tangu achimbe kwa bidii na uzito haujashuka, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia siku hiyohiyo. Usimkande tumbo ukijaribu kulisukuma yai, linaweza kupasukia ndani. Mbebe kwenye kisanduku chenye sfagnamu yenye unyevu na joto lake la kawaida, na uchukue rekodi ya uzito wake, kwa sababu kitu cha kwanza daktari atakachotaka kujua ni lini ulipanda na lini uliacha kubadilika.